Kifurushi kimoja, kamati nne: Bunge la Uganda na mageuzi ya posta

Jirani yangu hapa Oli, mjini Arua, ni fundi cherehani. Mtaa mzima unamwita Hajati, nami pia, ingawa kwa umri ni mama yangu. Mashine yake ya ovaloki, ile inayoshona kingo za nguo zisifumuke, ilivunjika kijichuma kinachoshika uzi wa chini. Sokoni hakikupatikana. Mwanawe akafungua simu, akamtafutia duka la mtandaoni la China, wakaagiza viwili ili kimoja kikae akiba. Vyote viwili ukivitia mkononi havizidi uzito wa funguo za nyumba.

Fomu ya duka ilidai jina la barabara, namba ya nyumba na postikodi. Nyumba ya Hajati haina namba, na njia ya kwake haijawahi kuwa na kibao. Wakaandika "karibu na msikiti", wakaweka namba ya simu, na kwenye postikodi wakajaza 256, yaani namba ya kupigia Uganda kutoka nje. Fomu ikakubali.

Kifurushi kilifika Kampala upesi, halafu kikalala siku kumi na moja. Wakala wa mizigo alikuwa amekizungushia utepe wa rangi ya kahawia uliopita juu ya namba ya simu, na tarakimu moja haikusomeka. Hajati alipopiga, wakala akasema ameshakabidhi basi. Ofisi ya vifurushi ya basi ikasema haijapokea kitu. Wakala akasema subiri. Watu wa basi wakasema muulize wakala. Hatimaye kijana mmoja pale Arua Park, Kampala, kwenye mabasi yetu ya West Nile, alikikuta chini ya magunia ya viatu, akakisukuma kaskazini kwa safari ya kilomita karibu 500, kupitia Karuma na Pakwach.

Jioni ile Hajati aliniuliza: "Mwanangu, wewe unayesoma magazeti, watu hawa nani anawasimamia? Nikitaka kushtaki, naenda wapi?"

Nilianza kumjibu kwa sentensi moja nikakwama. Wasimamizi wapo, na juu yao lipo Bunge. Tatizo ni kwamba kifurushi chake kimoja kinapita mikononi mwa kamati nne za Bunge, na kila moja inakiona upande wake tu.

Shirika lililopasuliwa

Kabla ya 1977, posta na simu za Uganda, Kenya na Tanzania zilikuwa chini ya shirika moja la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka huo kila nchi ikaondoka na kipande chake, na Uganda ikabaki na shirika la posta na simu ambalo wazee bado wanalitaja kwa herufi zake, UPTC. Chini ya paa moja, simu ziliingiza fedha na posta ikafika vijijini. Hakuna aliyeona haja ya kuuliza senti ipi imetoka upande upi.

Sheria ya Mawasiliano ya 1997 ikapasua nyumba hiyo. Zikatoka kampuni ya simu, Uganda Telecom. Benki ya posta. Kampuni ya posta yenyewe, Uganda Post Limited, tunayoiita Posta Uganda. Na mwamuzi wa kuzitazama zote, Tume ya Mawasiliano, UCC. Kila ukisikia wabunge wakibishana kuhusu posta, rudi kwenye mwaka huo. Ndipo posta ilipotenganishwa na ndugu aliyekuwa na mshahara.

Ndugu hao nao walikwenda njia zao. Uganda Telecom ilipita mikononi mwa wawekezaji wa Libya, na mwaka 2017 ikawekwa chini ya msimamizi kwa sababu ya madeni. Benki ya posta ilinyanyuka, na mwishoni mwa 2021 ikapata leseni ya benki kamili ya biashara. Posta ikabaki na barua, masanduku ya kukodisha, vifurushi, na kwa miaka mingi yale mabasi yaliyobeba abiria na mifuko ya barua kwa pamoja.

Kisha simu ya mkononi ikala barua. Salamu zikahamia kwenye ujumbe mfupi na baadaye WhatsApp, taarifa za benki zikahamia kwenye barua pepe, na ada ya shule ambayo zamani ilitumwa kwa hundi ya posta ikawa inatumwa kwa mobile money kabla chai haijapoa. Jambo hilo si la Uganda peke yake. Denmark, nchi tajiri kuliko sisi mara nyingi, posta yake iliacha kabisa kupeleka barua mwishoni mwa 2025. Kilichobaki kukua kila mahali ni vifurushi, kwa sababu kipuri cha ovaloki hakiwezi kutumwa kwa WhatsApp.

Kofia mbili kichwa kimoja

Hapa ndipo penye fundo. Posta Uganda ni kampuni inayomilikiwa na serikali kwa asilimia 100, na kwa hiyo inatarajiwa ijiendeshe, ilipe mishahara, ishindane. Wakati huohuo ndiyo mteule wa Uganda katika Umoja wa Posta Duniani, ambao nchi yetu ilijiunga nao mwaka 1964, na uteule huo una masharti: barua na vifurushi lazima vimfikie mtu wa Kaabong na wa Bundibugyo kwa bei inayolipika, hata kama safari hiyo ni hasara tupu.

Kampuni binafsi haina mzigo huo. Inachagua. Itapeleka Ntinda na Kololo kwa pikipiki ndani ya saa mbili, itapeleka Mbarara na Gulu kwa sababu mabasi yapo, na Kaabong itakwambia ongeza fedha au njoo uchukue Moroto. Silaumu, biashara ni hesabu. Lakini mmoja akiruhusiwa kuchota maziwa ya juu na mwingine akaachiwa maji, usishangae mwisho wa mwaka vitabu vya huyo wa pili vikisoma vibaya.

Nani alipe pengo hilo? Zamani dunia nzima ilijibu kwa ukiritimba: posta ipewe haki ya peke yake ya kubeba barua, faida ya mjini ilipie kijijini. Barua zilipokauka, ukiritimba huo ukawa haki ya peke yake juu ya kisima kikavu. Jibu la pili ni mfuko. Uganda inao: sheria ya mawasiliano inawatoza waendeshaji wenye leseni asilimia 2 ya mapato yao ghafi, na mfuko wa kufikisha mawasiliano vijijini unalishwa na tozo hiyo. Mfuko huo ulizaliwa wakati kilio kikubwa kilikuwa minara ya simu na kompyuta za shule, kwa hiyo posta ilipanda gari hilo kama abiria wa mwisho. Jibu la tatu ni hazina ya serikali, na hilo kila waziri wa fedha analijua na kulikwepa.

Mbunge anayesimama na kuuliza "kwa nini Posta haileti faida?" ameuliza swali la kofia ya kwanza. Anayesimama baada yake na kuuliza "kwa nini jimboni kwangu ofisi ya posta imefungwa?" ameuliza la kofia ya pili. Mara nyingi huwa ni mbunge yuleyule, siku ileile.

Kamati nne

Twende na kifurushi cha Hajati.

Kamati ya kwanza ni ile inayosimamia tume na mashirika ya umma, ambayo Kampala nzima inaiita COSASE. Mwenyekiti wake hutoka upinzani, kama ilivyo kwa kamati zote za uwajibikaji. Kazi yake huanza pale Mkaguzi Mkuu wa Hesabu anapoleta ripoti yake ya mwaka. Katiba, ibara ya 163, inalitaka Bunge lijadili ripoti hiyo na kuchukua hatua ndani ya miezi sita. Ibara ya 90 inazipa kamati nguvu kama za Mahakama Kuu za kumwita shahidi, awe waziri, mkurugenzi au mtu binafsi. Ndiyo maana unaona kwenye televisheni wakurugenzi wakifuta jasho mbele ya mafaili. Ila COSASE hutazama nyuma. Inauliza fedha zilizotumika zilikwenda wapi, ardhi ya shirika hati yake iko kwa nani, madeni yanadaiwa na nani. Bunge limewahi pia kurundika ripoti za miaka kadhaa, na swali likiulizwa baada ya miaka mitatu, aliyepaswa kulijibu huwa ameshastaafu na kununua ng'ombe.

Zaidi ya hapo, COSASE inaiona Posta kwa sababu ni ya serikali. Wakala binafsi aliyefunika namba ya simu kwa utepe hayumo kwenye vitabu vya Mkaguzi Mkuu. Hapo kamati ya kwanza imeishia.

Ya pili ni ya teknolojia ya habari na mawasiliano. Hii ndiyo inayomwita waziri na UCC, inapitia bajeti yao, na ndiyo itakayopelekewa muswada wowote wa kubadili sheria ya 2013 inayotawala mawasiliano sasa. Kwa sheria hiyo, kubeba vifurushi vya watu kwa malipo ni huduma ya posta na inahitaji leseni, hata kama mbebaji hajawahi kuuza stempu maishani. Maana yake kero ya Hajati ina mlango: anaanza kwa mtoa huduma kwa maandishi, akipuuzwa anakwenda UCC. Na akitaka fidia, mahakama zetu zina utaratibu wa madai madogo kwa kesi zisizozidi shilingi milioni 10, ambao hauhitaji wakili. Nilipomweleza hayo, akauliza risiti inahitajika? Nikasema ndiyo. Akacheka. Alichopewa kilikuwa kipande cha karatasi ya daftari chenye neno "ARUA" kwa kalamu nene.

Ya tatu ni ya fedha, maana kodi haitozwi bila sheria ya Bunge, ndivyo isemavyo ibara ya 152. Ya nne ni ya biashara na viwanda, inayopaswa kumtazama mnunuzi na muuzaji wa mtandaoni. Kwa hili la mwisho kuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2011, inayompa mnunuzi siku chache za kughairi alichoagiza. Jaribu kughairi kitu kilichouzwa na akaunti ya TikTok iliyofutwa jana, kisha uniambie umefika wapi.

Kazi iliyo nyuma ya pazia

Watu wakisikia "biashara ya mtandaoni" hufikiria picha na kitufe cha kununua. Fedha na shida viko ghalani. Mtu anapobonyeza kitufe, kuna mwingine anayetoa bidhaa kwenye rafu, anaikagua, anaifunga, anaiandika, anaikabidhi kwa mbebaji, anapokea fedha mlangoni, na kama mteja amekataa, anaipokea tena na kuirudisha rafuni. Uganda kazi hiyo ina sura mbili. Moja ni ya kampuni kama Jumia, yenye maghala na vituo vya kuchukulia mizigo. Nyingine, iliyo kubwa zaidi machoni pa mtu wa kawaida, ni ya mawakala wenye chumba Guangzhou na chumba Kampala. Wanakusanya oda za watu mia, wanazitia kwenye mzigo mmoja wa ndege au kontena la kuchangia, wanatoza kwa kilo au kwa ujazo, na kufika hapa wanagawa kwa boda na mabasi.

Sura hii ya pili ni ufundi wa kweli. Nimemwona dada mmoja Kampala akipanga mizigo ya wilaya kumi na mbili sakafuni kwenye chumba kisichozidi kitanda na meza, bila kompyuta, na hakukosea hata mmoja. Ila ufundi huo uko kichwani mwake. Siku akiugua malaria, wilaya kumi na mbili zinasubiri.

Desturi ya kulipa ukishapokea inaongeza uzito. Mteja wa Uganda ameibiwa vya kutosha, hatoi fedha kabla ya kushika kitu. Kwa hiyo dereva wa boda anatembea na bidhaa akienda na fedha taslimu akirudi, na kila mteja anayezima simu ni safari mbili bila mapato. Bunge nalo limeongeza gharama hapa na pale bila kutaja posta hata mara moja. Mwaka 2018 lilipitisha shilingi 200 kwa siku kwa mtumiaji wa mitandao ya kijamii, na mwaka 2021 tozo hiyo ikapokewa na asilimia 12 juu ya data. Kutoa fedha za mobile money kunakatwa asilimia 0.5. Mwaka 2023 ikaja asilimia 5 kwa kampuni za nje zinazouza huduma za kidijitali hapa. Kila moja ilijadiliwa kama suala la mapato. Sijui kama kuna mbunge aliyezijumlisha zote juu ya bei ya kipuri cha cherehani.

Herufi kumi na tatu

Kama Hajati angechagua njia ya posta, kifurushi kingekuja na alama ya herufi na tarakimu kumi na tatu: herufi mbili za aina ya huduma, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi kilikotoka, CN kwa China. Kikitoka kwetu kinaandikwa UG. Ya mwisho kati ya zile tarakimu tisa ni ya ulinzi, inapatikana kwa kukokotoa zile nane, ili karani akikosea kuandika kompyuta ikatae. Utepe wa kahawia usingefua dafu.

Lakini nani analipia safari ya kutoka Entebbe hadi Arua, ikiwa stempu imenunuliwa China? Tangu mkataba wa Bern wa 1874 hadi karibu karne nzima baadaye, kila posta ilibaki na fedha za stempu ilizouza na kupeleka bure barua za wengine, kwa imani kwamba kila barua ina jibu lake. Kifurushi hakina jibu. Mkutano wa Tokyo wa 1969 ukaanzisha malipo: posta inayopokea zaidi inalipwa na inayotuma. Viwango vilipangwa kwa madaraja ya nchi, na vilikuwa nafuu kwa nchi zinazoendelea, China ikiwamo. Vifurushi vidogo vya chini ya kilo 2 vikawa vinasafiri kwa bei ya barua, na ndipo ulipoanza ule mshangao wa kununua kitu cha shilingi elfu nne kutoka upande wa pili wa dunia na usafiri bure.

Marekani ilichoka, mwaka 2018 ikatangaza kujitoa kwenye Umoja, na mkutano wa dharura wa Geneva wa Septemba 2019 ukaibakiza kwa kuruhusu nchi zijipangie viwango vyake kwa utaratibu maalum. Uganda ni nchi inayopokea. Kwa hiyo swali ambalo kamati ya mawasiliano ingefaa kuliuliza kila mwaka ni dogo na la namba: kwa kila pakiti iliyoingia kutoka nje, tumelipwa kiasi gani, na kuifikisha wilayani kumetugharimu kiasi gani? Jibu la swali hilo linafaa kuliko saa tatu za kulaumiana kuhusu gari la mkurugenzi.

Forodha: nani ameshika kalamu

Watu wengi hudhani ushuru wa bidhaa za nje unapangwa na wabunge wa Kampala. Sivyo. Viwango vya pamoja ni vya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya sasa, iliyoundwa upya baada ya ile ya zamani kuvunjika: 0 kwa malighafi, asilimia 10 kwa vilivyotengenezwa nusu, 25 kwa vilivyokamilika, na tangu Julai 2022 kuna daraja la 35 kwa bidhaa fulani. Vinaamuliwa na Baraza la Mawaziri la Jumuiya, na sheria ya forodha yenyewe ilipitishwa na Bunge la Afrika Mashariki la Arusha. Kalamu ya Kampala inaandika VAT, kodi ya mapato na tozo za ndani.

Chukua kitu chenye thamani ya forodha ya shilingi 200,000 kikaangukia daraja la 25. Ushuru ni 50,000. VAT ya asilimia 18 inahesabiwa juu ya 250,000, siyo 200,000, nayo ni 45,000. Hapo umeshafika 95,000. Ikiongezwa kodi ya zuio ya asilimia 6, yaani 12,000, na tozo ya miundombinu ya asilimia 1.5, yaani 3,000, unakabiliwa na 110,000 kabla hujalipa wakala wala basi. Kumbe kwenye simu mnunuzi aliona bei moja tu.

Mtego mwingine ni jina. Kijichuma cha ovaloki ni sehemu ya mashine, na sehemu za mashine hazitozwi sawa na mapambo. Muuzaji wa China, kwa kutaka kumsaidia mteja, ameandika kwenye karatasi ya forodha "zawadi, chuma". Afisa anatazama chuma kinachong'aa, kimepindwa kama hereni, na hana sababu ya kujua kwamba ni cha kushona. Tangu Januari 2021 kanuni za Umoja wa Posta zinataka maelezo ya bidhaa yatangulie kwa njia ya kielektroniki kabla mzigo haujaondoka. Ni hatua nzuri, ila kompyuta nayo husoma "zawadi, chuma".

Kisiwa kilichoishi kwa pauni 18

Kuna hadithi moja ningependa kila mbunge aisikie kabla ya kusimama kudai msamaha wa kodi kwa vifurushi vidogo. Jersey ni kisiwa kidogo kati ya Uingereza na Ufaransa, chenye serikali na bunge lake. Uingereza ilikuwa na utaratibu wa kutotoza VAT kwa bidhaa za bei ndogo zinazoingia kwa posta kutoka nje ya eneo la kodi la Ulaya. Kiwango kilikuwa pauni 18. Msamaha huo ulikuwepo kwa sababu ya busara: kukusanya senti kunagharimu kuliko senti zenyewe. Wafanyabiashara wakaona mwanya. CD na DVD zikapelekwa kisiwani, zikafungwa kwenye bahasha, zikarudishwa Uingereza moja moja bila kodi. Kampuni ya Play.com ilikulia hapo. Maghala yakajaa, watu wakapata ajira, na posta ya kisiwa, iliyogeuzwa kampuni mwaka 2006, ikanenepa kwa vifurushi.

Wenye maduka ya Uingereza walilia kwamba wanauawa. Novemba 2011 kiwango kikashushwa hadi pauni 15, na tarehe 1 Aprili 2012 msamaha ukafutwa kabisa kwa Jersey na jirani yake Guernsey. Visiwa vilikwenda mahakamani London vikashindwa. Mwanzoni mwa 2013 Play.com ikatangaza kuacha kuuza bidhaa zake yenyewe. Wabunge wa Jersey walikuwa na kamati za uchunguzi, wangeweza kumwita yeyote wa kisiwani. Kalamu iliyofuta ajira zile ilikuwa London, mezani ambapo hawakuwa na kiti.

Dunia imefuata njia hiyohiyo tangu hapo. Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wake wa euro 22 Julai 2021. Marekani ilifuta wa dola 800 kwa nchi zote tarehe 29 Agosti 2025, na posta nyingi duniani zikasimamisha vifurushi vya kwenda huko kwa muda kwa kukosa njia ya kukusanya kodi mpya. Mshona vikapu wa Uganda anayeuza Marekani kwa posta aligundua kwamba bei ya kikapu chake inaamuliwa na watu ambao hata hawajui Arua iko wapi.

Mlango uko wazi mwezi gani

Nirudi nyumbani. Mwaka wetu wa fedha unaanza Julai 1, lakini anayesubiri hotuba ya Juni amechelewa. Kwa sheria ya fedha za umma ya 2015, waraka wa mwelekeo wa bajeti hufika Bungeni kabla ya mwisho wa Desemba, taarifa za sera za wizara kufikia Machi 15, na bajeti hupitishwa kufikia Mei 31. Miswada ya kodi hupitia kamati ya fedha katika miezi hiyo ya mwisho. Kati ya Machi na Mei ndipo kamati hupokea maoni ya watu, na ndipo chama cha mafundi cherehani au cha mawakala wa mizigo kingeweza kuandika kurasa mbili na kusikilizwa. Kurasa hizo zitaandikwa kwa Kiingereza, na ripoti itakayotoka pia, ijapokuwa Kiswahili kimo ndani ya Katiba kama lugha rasmi ya pili tangu 2005. Hajati anazungumza lugha nne na Kiingereza siyo mojawapo.

Angekuwa na cha kuomba, asingeomba mabasi mapya ya posta. Angeomba namba ya nyumba. UCC iliwahi kuanzisha mradi wa majaribio wa postikodi na anwani pale Entebbe. Tanzania iliifanya kazi hiyo nchi nzima kwa operesheni ya anwani za makazi kabla ya sensa ya Agosti 2022, kibao kwa kibao. Anwani haina mwenyewe kati ya kamati nne: ardhi iko wizara moja, barabara nyingine, posta nyingine, na manispaa ndiyo inayopaka rangi. Lakini ndiyo inayoamua kama ghala la Kampala linaweza kumtuma mgeni hadi mlangoni, au litaendelea kutegemea kijana anayewafahamu watu kwa sauti za simu.

Kijichuma cha kwanza kilifungwa mashineni siku ileile, na ovaloki ikalia hadi usiku. Wiki iliyopita mwanawe aliniletea simu, wanataka kuagiza mkanda wa mota. Fomu ikafika kwenye postikodi, ikawa nyekundu, ikagoma kusonga.

"Andika ile ile," Hajati akasema kutoka kwenye mashine, bila kuinua macho. Nikaandika 256.